Wazazi, Tusome Riwaya Wanazosoma Watoto Wetu

Mimi ni mkunga mstaafu, mama wa watoto 5 na bibi wa wajukuu 11. Kwa miaka mingi nimekuwa nikisoma ukurasa huu wa afya na kufaidika na mafundisho yake. Leo naomba nafasi ili nami nitoe maoni yangu. Maoni hayo yanahusu vitabu vya hadithi, yaani riwaya. Najua wengine watauliza, riwaya na afya wapi na wapi? Naomba mnivumilie hadi mwisho, ndipo mhukumu.

Kwanza nieleze jinsi nilivyorudi kwenye usomaji. Kwa miaka kama 6 macho yangu yalikuwa yanafifia kidogo kidogo. Taa niliziona zikiwa na ukungu, na sura za watu nilizitambua kwa sauti zaidi kuliko kwa kuona. Nilidhani ni uzee tu, na nilinyamaza, ingawa kazi yangu ilikuwa hospitalini. Kumbe ulikuwa mtoto wa jicho. Ugonjwa huu hutokea pale lenzi iliyo ndani ya jicho inapopoteza ung'avu wake na kuwa kama kioo chenye mvuke. Hakuna dawa ya matone wala miwani inayouondoa. Dawa yake ni upasuaji, ambao kwa kawaida hauchukui hata saa moja. Mgonjwa hutiwa ganzi, lenzi iliyochafuka hutolewa na kuwekwa lenzi ya bandia. Nilipasuliwa jicho moja, na baada ya miezi miwili la pili. Sasa natumia miwani ya kusomea tu. Kwa hiyo wazee wenzangu mnaonyamaza kama nilivyonyamaza mimi, nawasihi mwende mkapimwe.

Baada ya kupona, mjukuu wangu wa kwanza, ambaye ni mwalimu wa sekondari, aliniletea riwaya 3 alizozinunua kwa wauza vitabu vya mitumba. Akaniambia, "Bibi, usikae kuhesabu kuku tu. Soma." Nikazisoma zote kabla mwezi haujaisha. Haya ndiyo niliyoyaona.

KIKOSI CHA KISASI: SHUJAA ASIYEUGUA

Riwaya ya kwanza ni Kikosi cha Kisasi ya Elvis Musiba, iliyotoka mwaka 1979. Vijana wa siku hizo wataikumbuka. Shujaa wake ni mpelelezi Mtanzania anayeitwa Willy Gamba, ambaye alikuwa ameonekana kabla ya hapo katika kitabu kiitwacho Kufa na Kupona. Safari hii anapelekwa Kinshasa kupambana na watu wanaowaua wapigania uhuru wa Afrika.

Sitaki kusema uongo. Nilikisoma usiku kucha hadi jogoo akawika. Mwandishi huyu alijua kumfunga msomaji kamba na kumvuta. Aidha, kuna jambo jema ndani yake. Linamkumbusha kijana wa leo kwamba ukombozi wa nchi za kusini mwa Afrika uligharimu damu, na kwamba Tanzania ilibeba mzigo mkubwa. Mjukuu wangu mmoja wa darasa la saba alinisikia nikisimulia, akauliza Kamati ya Ukombozi ilikuwa ni kitu gani. Tuliongea kwa saa nzima. Redio hazijawahi kunipa nafasi kama hiyo.

Hata hivyo, macho yangu ni ya mkunga, hayawezi kuacha kuona. Vitabu vya upelelezi, viwe vya Kiswahili au vya kigeni, vina desturi zake kuhusu mwili wa binadamu, na desturi hizo zinaweza kumdanganya kijana. Nitataja nne.

Ya kwanza ni pigo la kichwa. Katika hadithi za namna hii mtu hupigwa rungu kisogoni, anazirai, anaamka baada ya saa mbili akiwa amefungwa kwenye kiti, anajifungua, kisha anakimbia na kupigana. Katika maisha ya kweli mtu aliyepoteza fahamu kwa pigo la kichwa, hata kwa dakika chache, ameumia ubongo. Anaweza kuamka na kuongea vizuri, kumbe damu inavuja polepole ndani ya fuvu. Baada ya saa kadhaa anaanza kuumwa kichwa sana, kutapika, kusinzia kupita kiasi, kuongea ovyo au kushikwa na degedege, na pengine mboni ya jicho moja kuwa kubwa kuliko ya pili. Huyo apelekwe hospitali mara moja. Tuna vijana wengi waendesha bodaboda wanaoanguka bila kofia, wakaamka, wakajipangusa vumbi, wakaenda kulala nyumbani. Wengine hawaamki.

Ya pili ni leso yenye dawa ya usingizi. Msomaji huambiwa kwamba mtu akifunikwa pua kwa leso, papo hapo anaanguka. Dawa inayotajwa mara nyingi ni kloroformu, ambayo zamani ilitumika kwenye upasuaji. Dawa hiyo haifanyi kazi kwa sekunde moja. Mtu lazima aivute kwa dakika kadhaa, na ikizidi husimamisha pumzi au moyo. Nalisema hili kwa sababu wapo vijana wanaodhani kumlevya mwenzao ni mchezo. Mchezo huo huua.

Ya tatu ni risasi ya begani. Shujaa hupigwa risasi begani, anaitoa kwa kisu kilichosafishwa kwa pombe kali, anafunga kitambaa, kesho yake yuko kazini. Bega si nyama tupu. Humo hupita mshipa mkubwa wa damu uendao mkononi pamoja na neva nyingi. Mtu anaweza kufa kwa kutokwa damu kabla hajafika barabarani, au mkono ukapooza. Aliyechomwa kisu au kupigwa risasi akandamizwe jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia, apelekwe hospitali. Kisu kilichobaki mwilini kisichomolewe. Wala mtu asichokonoe jeraha kutafuta risasi. Hospitalini atapewa pia kinga ya pepopunda, jambo ambalo sijaliona katika riwaya hata moja.

Ya nne ndiyo kubwa. Ni pombe na wanawake. Mashujaa wa riwaya hizi hunywa pombe kali kama maji, kisha hushika usukani, hulenga shabaha na kulala na mwanamke waliyekutana naye siku hiyo. Hawana maini. Hawana magonjwa ya zinaa. Hakuna mwanamke anayepata mimba. Ndugu zangu, ini la binadamu huondoa pombe polepole sana, kiasi cha kama chupa ndogo moja ya bia kwa saa, na halina haraka hata ukilibembeleza kwa kahawa nzito au kuoga maji ya baridi. Anayekunywa chupa 6 jioni bado ana pombe mwilini usiku wa manane, na pengine hata alfajiri anapowasha gari.

Je, nasema kitabu hiki kichomwe? La. Nasema kisomwe pamoja na mzazi aliye tayari kucheka na kusema, "Hapa, mwanangu, mwandishi ametupiga chenga."

UA LA FARAJA: UKIMWI WA JANA NA WA LEO

Riwaya ya pili ni Ua la Faraja ya William Mkufya, iliyotoka mwaka 2004. Ni kitabu kinene, na si chepesi. Kinahusu UKIMWI na namna unavyoingia katika nyumba za watu, ukigusa wake na waume, wenye elimu na wasio nayo. Nilipokuwa nakisoma nilisimama mara kwa mara, kwa sababu nilikuwa nawaona wagonjwa wangu.

Wanaojua historia watakumbuka kwamba wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Miaka michache tu baadaye ugonjwa ulikuwa umefika katika kila mkoa wa Bara. Sisi wauguzi hatukuwa na dawa. Tulikuwa na maji, sabuni, dawa ya kuhara na mikono yetu. Mwaka 1988 kilitoka kitabu cha Clemence Merinyo kilichoitwa Kifo cha AIDS. Jina hilo peke yake linatosha kueleza mawazo ya siku zile. UKIMWI na kifo lilikuwa neno moja.

Sasa angalieni tarehe. Ua la Faraja kilitoka mwaka 2004, na mwaka huo huo ndipo Serikali ya Tanzania ilipoanza kutoa dawa za kupunguza makali ya VVU bila malipo. Kwa hiyo kitabu hiki ni picha ya kweli ya wakati ambao dawa zilikuwa bado hazijawafikia watu. Mwandishi hakukosea. Alichora alichokiona. Lakini kijana anayekisoma leo bila kuangalia mwaka kilipoandikwa anaweza kudhani mambo bado ni yale yale.

Si jambo la kubuni. Kabla sijastaafu, binti mmoja alipimwa kliniki akaonekana ana VVU. Akapewa tarehe ya kurudi kuanza dawa, hakurudi. Nilipokutana naye sokoni nikamwita pembeni, nikamuuliza kwa upole. Alinijibu, "Mama, ya nini nihangaike? Katika hadithi zote nilizosoma, mwenye ugonjwa huu hufa. Bora nife bila watu kujua." Nilimshika mkono tukarudi kliniki siku hiyo hiyo. Yu hai mpaka leo, na ana watoto wawili wasio na maambukizi. Lakini nilijiuliza, wako wangapi ambao sikukutana nao sokoni?

Kwa hiyo naomba kila mzazi ayajue haya ya leo, ili ayaongeze pale riwaya za zamani zilipoishia:

Mtu mwenye VVU anayeanza dawa mapema na kuzimeza kila siku bila kukosa anaweza kuishi miaka mingi, akafanya kazi na kulea watoto wake. Wengi siku hizi humeza kidonge kimoja kwa siku. Dawa haziondoi virusi vyote mwilini, kwa hiyo haziachwi hata mtu akijisikia mzima.

Dawa zikitumika vizuri, virusi hupungua hadi kipimo cha damu hakivioni. Mtu aliyefikia hali hiyo na kuidumisha hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Hata hivyo lazima apimwe wingi wa virusi kama anavyoelekezwa, asijipimie kwa kujitazama kwenye kioo.

Mama mjamzito mwenye VVU akimeza dawa wakati wa mimba na kunyonyesha, na mtoto akapewa dawa yake ya kinga, mara nyingi sana mtoto huyo hubaki salama.

Na jambo la mwisho, VVU havitambuliwi kwa macho. Katika hadithi nyingi mgonjwa hujulikana kwa kukonda. Mimi nimewapokea wanene wenye VVU, na wembamba wasio navyo. Mtu anaweza kukonda kwa kifua kikuu, ambacho hutibiwa kwa miezi 6 na kupona kabisa, au kwa kisukari, au kwa mawazo. Anayemtazama jirani akasema "huyo tayari" anafanya kazi ya kipimo bila kuwa kipimo.

ROSA MISTIKA: KITABU NILICHOKICHOMA

Sasa nafika kwenye kitabu cha tatu. Hapa naomba radhi, kwa sababu nitasema mambo ya nyumbani kwangu.

Rosa Mistika iliandikwa na Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe. Ilitoka mwaka 1971. Jina lake wengi wetu tunalifahamu kutoka katika Litania ya Bikira Maria. Mara ilipotoka ilizua kelele nyingi na ikazuiwa mashuleni, ingawa miaka ya baadaye ilikuja kuruhusiwa na kufundishwa. Mwandishi alifariki Januari 2020.

Mwaka 1989 binti yangu wa kwanza alikuwa kidato cha pili, bweni. Aliporudi likizo nilikuta kitabu hicho chini ya godoro lake. Sikukisoma. Nilikuwa nimesikia tu kwamba ni kitabu kichafu. Nikakichukua mpaka jikoni, nikakitia kwenye mafiga mbele ya macho yake, nikamwambia kwamba nyumbani kwangu uchafu hauingii. Hakulia. Alisimama tu akitazama moto. Nikajisifu kwamba nimemlea.

Mwaka uliofuata alifukuzwa shule kwa sababu ya mimba.

Ndugu wasomaji, mimi nilikuwa mkunga. Kila Jumanne na Alhamisi nilisimama mbele ya akina mama kliniki nikiwafundisha jinsi mimba inavyotungwa. Binti yangu mwenyewe sikuwahi kumfundisha hata sentensi moja. Nilidhani kukemea ni kufundisha.

Mwaka huu ndipo nilipokisoma kitabu hicho, miaka zaidi ya 30 baada ya kukichoma. Na aliyeniletea ni mjukuu wangu mwalimu, ambaye ndiye mtoto wa mimba ile. Yeye hakujua habari za jikoni. Aliniletea kwa sababu ni kitabu anachokipenda.

Nilikuta nini? Nilikuta baba anayeitwa Zakaria, mlevi, anayempiga binti yake Rosa vibaya sana kwa sababu ya barua ya mvulana. Nilikuta binti anayelelewa kwa fimbo na hofu, asifundishwe chochote kuhusu mwili wake wala kuhusu wanaume. Anapotoka nyumbani na kuwa mbali na fimbo, hana kitu kingine cha kumwongoza. Anaangukia mikononi mwa wanaume, wakiwemo watu wenye madaraka waliopaswa kumlinda. Kuna mimba inayotolewa kwa siri. Kuna mchumba anayemwacha. Na mwisho Rosa anakufa kwa mkono wake mwenyewe.

Kina sehemu zilizo wazi kupita ninavyopenda, na sitampa mtoto wa miaka 11 kitabu hiki. Lakini mtu akisema kinafundisha uchafu, namwambia amesoma kurasa chache au hakusoma kabisa. Mimi nilikiona kama onyo kwa wazazi. Zakaria nilimtambua. Alikuwa na suruali na chupa ya pombe, nami nilikuwa na gauni jeupe la uuguzi, lakini malezi yetu yalikuwa mamoja.

Nilimwita binti yangu. Siku hizi ni fundi cherehani, ana duka lake dogo, na ni mama wa watoto 4. Nikamwambia nimekisoma kile kitabu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama, nilikuwa sijafika hata nusu." Halafu akacheka, akaongeza kwamba kitabu kilikuwa cha kuazima, na mwenyewe alimdai mpaka akamlipa kwa sabuni zake za bweni.

Hajafika hata nusu! Yaani sehemu ya mapenzi aliisoma, na sehemu ya maangamizi, ambayo ingemwonya, mimi niliitia motoni.

Siku hiyo aliniambia na jambo lingine. Alisema kwamba likizo ile alikuwa ana swali la kuniuliza. Rafiki yake alimwambia msichana hawezi kupata mimba mara ya kwanza, na kwamba akijiosha kwa maji ya chumvi hana wasiwasi. Alitaka kujua kama ni kweli. Baada ya moto ule hakuuliza tena.

Basi swali lile nalijibu leo hapa, kwa ajili ya mabinti wengine. Msichana anaweza kupata mimba mara ya kwanza kabisa. Kujiosha kwa chumvi, soda au kitu kingine chochote hakuzuii mimba, na kunaweza kumchubua na kumletea maambukizi. Yai hutoka yapata siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, lakini kwa wasichana wadogo mzunguko hubadilika badilika, hivyo hesabu za siku kwao si za kutegemea. Mbegu za mwanamume zinaweza kuishi mwilini mwa mwanamke hadi siku 5. Mimba haitambuliwi kwa kushikwa mapigo ya mkono kama inavyoandikwa katika baadhi ya hadithi. Hutambuliwa kwa kipimo cha mkojo au damu.

Na kuhusu mimba zinazotolewa kwa siri, nawaambia nilichokiona kwa macho yangu wodini. Nimewaona wasichana walioletwa wakiwa wamechelewa, wakiwa na homa kali, wakinuka, wakiwa weupe kama karatasi kwa kuishiwa damu, kwa sababu waliogopa kupigwa nyumbani kuliko walivyoogopa kufa. Ikiwa binti anatokwa damu nyingi, ana homa au maumivu makali ya tumbo, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama sababu hamuijui au mnaijua na inawauma. Kazi ya hospitali ni kuokoa maisha. Maswali na machozi yasubiri nyumbani.

Vivyo hivyo kwa kijana anayesema maisha hayana maana, anayegawa vitu vyake, anayejitenga baada ya kuachwa na mchumba au kufeli mtihani. Tusimwambie anajidekeza. Tukae naye, tumuulize waziwazi kama anafikiria kujiua, tuondoe karibu naye sumu za shambani na dawa, tumpeleke kwa daktari. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Humpa nafasi ya kulitua.

JE, RIWAYA ZINAHARIBU WATOTO?

Nikiyasema haya kwenye jumuiya yetu, mama mmoja alinipinga. Alisema, "Wewe unatufundisha tuwape watoto vitabu vya mapenzi." Hoja yake si ya kudharau. Vipo vitabu, magazeti ya udaku na picha kwenye simu ambavyo havina lengo jingine ila kuwasha tamaa, na hivyo mzazi ana haki na wajibu wa kuvizuia. Mtoto hulishwa kwa umri wake. Hata uji wa mtoto hatumpi wa moto.

Lakini kuzuia bila kusoma ni uvivu. Na kuzuia bila kuongea ni kumfungia mtoto mlango mmoja huku madirisha 10 yako wazi. Siku hizi riwaya si kitu cha kuficha chini ya godoro. Hadithi zinasomwa kwenye simu, sura kwa sura, na sura inayofuata hulipiwa kwa pesa ya simu. Hakuna mafiga yatakayochoma hizo.

Kwa hiyo napendekeza mambo machache, ambayo mimi mwenyewe nimeanza kuyafanya:

1. Mzazi asome kwanza kitabu anachosoma mtoto, au wasome pamoja. Asiyejua kusoma amwombe mtoto amsomee kwa sauti. Mtoto akiruka kurasa fulani, hapo ndipo pa kuongea.

2. Tuangalie mwaka kitabu kilipoandikwa. Mambo ya tiba hubadilika. Kitabu cha mwaka 1988 au 2004 hakiwezi kujua dawa za leo.

3. Tuwaulize watoto maswali badala ya kuwahutubia. "Ungekuwa Rosa ungemwambia nani?" Swali hilo nilimuuliza mjukuu wangu wa kike wa miaka 15. Alifikiri, akasema, "Labda shangazi." Hakusema mama yake, wala mimi. Iliniuma kidogo, lakini sasa tunajua, na shangazi yake amekwisha kuambiwa ajiandae.

4. Baba nao washiriki. Wavulana husoma habari za mashujaa wasiougua na wasio na watoto. Nani atawaambia vinginevyo kama baba yuko kimya?

5. Binti akipata mimba, asifukuzwe nyumbani. Tangu Novemba 2021 Serikali ya Tanzania imeruhusu wasichana waliojifungua warudi shuleni katika mfumo wa kawaida. Binti yangu hakuipata nafasi hiyo. Wa leo anayo, ila hawezi kuitumia kama amelala barazani kwa watu.

6. Parokia zenye maktaba zitenge rafu ya riwaya nzuri, na mtu mzima mmoja aliyezisoma awepo siku ya kuazima. Panapokuwa na kitabu na mtu wa kuulizwa, vijana huja.

Nimemaliza. Rosa Mistika mpya sasa iko mezani kwangu, na nimeandika jina la binti yangu ukurasa wa kwanza. Jumapili iliyopita alikuja kuichukua. Alisema ataanzia pale alipoachia.